Miayo Wakati wa Dhoruba

Jumatatu, 3 Machi

"Mchezo mzuri ni mzuri popote unapochezwa. Kuhamia Jumba Jipya hakutaupunguzia kitu." Hayo kayaandika Bwana Skafu, mhakiki wa gazeti pinzani, mtu anayejifunga skafu ya sufu kwenye joto la kuyeyusha lami. Upuuzi! Samaki mzuri naye ni mzuri popote? Mpandishe juu ya mti tuone.

Mchezo huo ni wangu. Sikuutunga, aliutunga Mwingereza mmoja aliyekwisha kuwa udongo karne nyingi zilizopita. Lakini kule Ghalani, palipokuwa stoo ya magunia kabla ya waigizaji kupahamia, niliutazama mpaka popo wa darini wakanizoea. Mfalme mzee anawaita binti zake watatu. Anawaambia: nisifuni, nami nitawagawia nchi. Wawili wanammwagia asali, wanapewa. Wa mwisho anasema kweli, anafukuzwa. Kisha wale wa asali wanamtupa mzee nje kwenye dhoruba. Juha wa majuha! Kila nikimtazama najiuliza: mtu mzima, mwenye mvi zake, anashindwaje kutofautisha sifa na mapenzi?

Na dhoruba yenyewe! Mabati ya Ghala yalinguruma kama ng'ombe elfu. Kiti changu kilikuwa cha mbao, hakina mgongo, kando ya nguzo. Mfalme akiyumba hushika nguzo kwa mkono mmoja na bega langu kwa mwingine. Bega hili hapa.

Sasa wameupeleka kwenye zulia, kiyoyozi na viti vinavyokumeza mzimamzima. Nimeandika makala. Nimesema utafia humo. Nimeapa kwamba nikiukuta hai, navunja kalamu yangu. Mhariri kakichapa kiapo kwa herufi nene, na kwa furaha ambayo sikuipenda.

Jumanne, 4 Machi

Jumba Jipya wameniletea tiketi nne za onyesho la kwanza, Jumamosi alasiri. Wananiogopa. Moja yangu, tatu za kugawa.

Nimewaza hadi chai ikapoa. Hatari haiko kwenye mchezo, iko kwa watazamaji. Watu wa zulia hupiga makofi hata ukiwachezea ndoo tupu. Watasema mchezo uko hai, nami nitaachwa na kiapo mkononi. Lazima pawepo watu wa kuwaonyesha kwamba huu ni maiti. Si kuzomea, kuzomea ni ushamba. Kupiga miayo! Kwa sauti, kwa kupokezana, pale pale kwenye dhoruba.

Kazi nyeti hii. Haifai kupewa mtu asiyeielewa makala yangu. Kesho kikao sebuleni.

Jumatano, 5 Machi

Kikao. Walihudhuria watu watatu. Shemeji, kaka wa mke wangu, aliyekuja kutusalimia mwaka juzi na bado anasalimia. Chipukizi, mwandishi mwenzangu wa gazetini, aniitaye Mwalimu. Na binti yangu kitindamimba, anayeuza misumari na mabati kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Mke wangu hakutaka kuhudhuria. Alikuwa chumba cha pili anashona, mlango wazi.

Niliwaomba kila mmoja aseme ameionaje makala. Basi.

Shemeji akasema alipofika aya ya tatu ilibidi ainuke, kwani si adabu kusoma maneno mazito vile umekaa. Nikampa tiketi. Chipukizi akasema aliisomea familia yake, na bibi yake, ambaye hasikii vizuri, alilia. Nikampa tiketi. Machozi yalinilengalenga. Kumbe bado kuna watu wanaojua kusoma!

Zamu ya binti. Akasema, "Ndefu, Baba."

Nikamwambia ajaribu tena.

Akasema ni ndefu, halafu nalalamikia chumvi kwenye chungu ambacho sijakionja. "Humo ndani hujaingia hata siku moja. Na mabati hayaigizi, Baba. Mimi nayauza, nayajua." Akaongeza kwamba chai yangu atanipikia hata nikikosea, ila kusema sijakosea, hapo asitegemewe.

Damu yangu, nyumbani kwangu, kwenye kiti nilichokinunua mimi! Nikamwambia asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Tiketi yake nikampa Chipukizi aje na rafiki, mradi rafiki awe na mapafu.

Cherehani ikanyamaza. Mke wangu akauliza toka huko, "Baba Watoto, ule mchezo wako unahusu nini vile?"

Nikamweleza upya, polepole: mfalme, binti watatu, sifa, kweli, kufukuzwa. Alicheka hadi sindano ikakatika. Kisha akasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, akacheka tena. Msiba mkubwa kama ule, yeye anaona kichekesho. Mambo mengine huwezi kumfundisha mtu.

Ijumaa, 7 Machi

Mazoezi ya miayo. Shemeji ana kipaji cha kuzaliwa. Anaanzia tumboni, anapitia puani, anamalizia kwa mlio wa lori linalopanda mlima. Chipukizi bado anapiga miayo ya kisomi. Ishara: nikigusa sikio la kushoto, waanze.

Mchana nikaenda Ghalani kukitafuta kiti changu. Pamejaa matairi sasa. Nikakikuta, mlinzi wa matairi anakikalia. Nikamweleza historia ya bega langu. Akaniachia, nadhani ili niondoke.

Nikakibeba kichwani hadi Jumba Jipya, nikitaka wanitengee nafasi karibu na nguzo. Askari wa mlangoni akaniambia nguzo hakuna. Nikamuuliza jengo gani hilo lisilo na nguzo, linasimama kwa imani? Akaniuliza kama hicho kiti kina tiketi yake. Nikamwita mtumwa wa mazulia. Akaniitikia, "Haya, mzee wangu, shikamoo." Wamefunzwa kutukana kwa heshima, hawa.

Kiti nimerudi nacho. Shemeji anawekea miguu.

Jumamosi, 8 Machi

Niandike haraka kabla sijaanza kujidanganya.

Tuliingia. Baridi ya kuhifadhia nyama. Mimi katikati, Shemeji kulia, Chipukizi na mwenye mapafu kushoto. Bwana Skafu safu ya mbele yetu, na humo skafu yake ikaonekana ina akili, jambo lililoniudhi zaidi. Sehemu ya kwanza ilikwenda nilivyotabiri. Zulia lilimeza hatua za mfalme. Nilitabasamu. Nikaanza kutunga kichwa cha makala: Marehemu Kavaa Viatu Vipya.

Ikaja dhoruba. Taa zikazima. Nikangoja ngurumo ya bandia, watazamaji wacheke wenyewe bila kungoja miayo yetu. Haikuja ngurumo. Kimya. Mwanga mdogo juu ya uso wa mzee, na mzee hakupiga kelele. Alisema kwa sauti ya mtu anayezungumza na ukuta.

Nami nikasikia anachosema!

Kule Ghalani sikuwahi kusikia. Hakuna aliyewahi. Mabati yalimfunika, tukabaki kutazama mdomo ukifunguka na kufumba, mimi nikishangilia mabati. Kumbe pale pale penye radi, mzee anawazungumzia watu wasio na paa. Kwamba yeye alikuwa nalo, na hakuwafikiria. Nilikuwa nimekaa hatua moja kutoka kwake, bega langu mkononi mwake, na jambo lenyewe lilinipita.

Machozi. Sikatai. Yakateremka mashavu yote mawili. Nikainua mkono kuyafuta, nikafuta shavu, na mkono ukapitiliza hadi sikioni.

La kushoto.

Shemeji akaanza. Lori lilipanda mlima mzima. Chipukizi akapokea, na mwenye mapafu, Mungu amsamehe, sifa ya mapafu yake haikuwa imetiwa chumvi. Nikawakanyaga miguu, wakadhani nawahimiza. Na miayo ni ugonjwa. Safu yetu ikaambukizwa, kisha ya nyuma. Mama mmoja aliyekuwa akilia alipiga mwayo katikati ya kilio. Bwana Skafu akapigia wake ndani ya skafu. Jukwaani mfalme akameza mate na kusita.

Nikasimama juu ya kiti. Nikapaza sauti: "Nyamazeni, majuha! Mzee anasema!"

Wahudumu wakaja wawili, wamevaa glovu. Nikawaambia waulizeni hawa, mimi ni mtu wa heshima. Wakamuuliza Shemeji. Shemeji akanitazama juu hadi chini, akasema mzee huyu hamfahamu, ila ana sura ya mtu mwenye matatizo nyumbani. Nikamgeukia Chipukizi. Kiti chake kitupu. Alikwisha kuruka safu, yuko ubavuni kwa Bwana Skafu, anamwita Mwalimu.

Nikatolewa. Nje mvua ilikuwa inamwagika ndoo kwa ndoo, upepo unang'oa mabango. Nikakaa ngazini, nimelowa, nikiwalaani niliowapa tiketi.

Mara mvua ikakoma juu ya kichwa changu peke yake. Binti yangu, kashika mwavuli wa dukani, wenye tangazo la mabati. Alikuwa amejinunulia tiketi ya juu kabisa, mgongoni mwa wote. Aliniona nikitolewa, akatoka.

Nikamwambia arudi, atakosa mwisho. Akasema mwisho anaujua, alishauona na mimi kule Ghalani. Akakaa. Ngazi ilikuwa imelowa, akakaa hivyo hivyo.

Baadaye akauliza, "Baba, mchezo ulikuwa hai au haukuwa hai?"

Nikakamua maji kwenye mkono wa shati.

Nikasema, "Hai."

Hakucheka. Akausogeza mwavuli upande wangu, bega lake likawa nje.

Nikamwambia asimwambie mtu.

Jumapili, 9 Machi

Bwana Skafu kaandika kwamba mchezo unaishi, na ushahidi ni kwamba hata adui yake mkubwa alipanda juu ya kiti kuutetea. Mwizi! Anatumia mwili wangu kama hoja!

Mhariri kapiga simu kuuliza habari za kalamu. Nikamwambia mimi ni mtu wa neno langu. Nimevunja kalamu. Ya risasi. Nimechonga vipande vyote viwili, vinaandika vizuri sana, na kwa kipande kirefu nimemaliza makala mpya: mchezo haukuwa na kosa, Jumba halina kosa, adui wa sanaa ni wahudumu wenye glovu.

Nimeisoma sebuleni. Shemeji, aliyerudi mapema kwa ajili ya kifungua kinywa, kasema jana hakunitambua kwa sababu uso wangu uling'aa hekima hadi ukamtia kiwi. Kumbe! Nilikuwa nimemfikiria vibaya. Nimemsamehe. Chipukizi kaleta ujumbe kwamba alimwendea Bwana Skafu kama jasusi wangu. Kijana mwaminifu.

Binti akasema ni fupi kuliko ile ya kwanza, heri. "Lakini aliyepiga kelele ni wewe, Baba."

Mtoto huyu! Jana namwona ana utu, leo ulimi ule ule. Nimemwambia mwavuli wake akae nao. Cherehani ikanyamaza tena. Sikungoja swali.

Jumamosi ijayo nakwenda kuutazama upya, niuone mwisho. Nimepata tiketi tatu. Moja yangu. Mbili nitazigawa Jumatano, sebuleni, kwa watakaoieleza vizuri makala hii.

Nanyi wahudumu wa Jumba Jipya, wawili mlionishika makwapa, sikilizeni. Vueni glovu, mnifungulie mlango, na safari hii msinitoe kabla pazia halijashuka. Nimekosa sehemu ile ambapo mzee mjinga anampigia magoti binti aliyemfukuza. Nataka kuiona. Na mniwekee Shemeji kulia kwangu.