Kiti Changu Siku ya Uhuru

Jumamosi, 23 Juni 1962. Rumonge.

Nimepata njia. Uhuru ni Jumapili ya tarehe mosi, na leo kamati imemaliza kupigilia misumari jukwaa la wakubwa. Viti kumi na viwili, nimevihesabu mwenyewe. Kumi na kimoja vina wenyewe: kamati, padri, shehe, mganga wa dispanseri. Cha mwisho atakikalia mwamuzi wa mashindano ya kriketi ya wasichana, yatakayokwisha siku moja kabla ya Uhuru. Mzee Nanji wa duka la vitambaa ndiye aliyeleta mchezo huo hapa, na ndiye aliyekiomba hicho kiti.

Muuza ndagala, dagaa wa ziwani, kama mimi, kiti cha nini? Ni kwa ajili ya Mwamini. Mjane wa Minago, muuza mawese, mwanamke mwenye sauti ya kusimamisha baiskeli. Nimemposa mara mbili. Mara ya pili alisema ataniangalia siku ya Uhuru. Akinikuta nimekaa na watu wa maana, tutazungumza. Akinikuta nimesimama nyuma na kapu kichwani, nisikanyage tena kwake.

Basi nikaenda kwa Nanji, nikamwambia Kigoma nilikuwa mwamuzi wa kriketi miaka miwili. Ukweli ni kwamba Kigoma nilingoja boti siku mbili, na mchezo niliuona kupitia ua wa matete. Mzee alifurahi mpaka akanipa chai ya maziwa.

Jumatatu, 25 Juni.

Balaa. Kumbe waamuzi ni wawili, mmoja kila upande, na kiti ni kimoja. Mwenzangu ni Modeste, moniteri, yaani mwalimu, wa shule ya misheni, mtu wa kupiga suruali pasi hata siku ya kulima. Nanji anasema kiti atapewa atakayeamua vizuri zaidi. Modeste amekwisha azima kitabu cha sheria, anakisoma huku anatembea. Amegonga mbuzi wa watu.

Mimi kitabu sitaki. Nimeazima koti jeupe la dispanseri. Lina madoa ya dawa ya zambarau mgongoni, lakini mtu mkubwa hutazamwa mbele.

Sheria nimezipata kwa kumuuliza Nanji maswali kama ninayempima yeye. Msichana mmoja anatupa mpira, mwingine anaupiga kwa ubao. Mwamuzi anahesabu mipira sita, anatangaza “ova”, anakuja mtupaji mwingine. Kidole kimoja juu, mpigaji ametoka. Mikono miwili juu, mpira umepaa ukavuka kamba, pointi sita. Kwisha! Miaka ishirini napima ndagala kwa kopo, nitashindwa na sita?

Jumatano, 27 Juni.

Siku tamu. Minago na Kabonga wamecheza kwenye mchanga tunapoanikia ndagala. Rumonge wanangoja fainali, kura iliwapendelea. Mbao ni makafi ya zamani yaliyochongwa upya, vijiti ni vya mchikichi, mpira peke yake ndio wa dukani. Nahodha wa Minago ni Sikuzani, binti wa Mwamini, ana miaka kumi na mitatu, na anatupa mpira kama mtu aliyetukanwa.

Katikati ya mchezo, Minago wakipiga, Mwamini akatokea na kitenge kipya. Moyo ukaniruka. Nikampungia mikono yote miwili. Watu wakashangilia, na nilipogeuka karani wa Nanji alikuwa amekwisha waandikia Minago pointi sita. Mpira wenyewe ulikuwa bado miguuni kwa mpigaji.

Nilitaka kusahihisha. Kisha nikawaza. Nikamsalimia Mwamini tena. Sita nyingine! Adabu ni adabu, nikamsalimia mara tano. Minago wameshinda.

Wasichana wa Kabonga walikuja wamevimba, wakidai mpira haujaruka hata mara moja. Nikawaambia Kigoma ndivyo unavyochezwa. Modeste akauliza ni sheria ya ngapi. Nikasema ya kumi. Akafungua kitabu, akasema ya kumi inahusu kukata majani ya uwanja. Nikamwambia kitabu chake ni cha zamani. Akavua miwani, akaifutafuta.

Alhamisi, 28 Juni.

Asubuhi Sikuzani amekuja kwenye meza yangu sokoni. Ametembea kutoka Minago kwa miguu. Tukasalimiana, amahoro, amahoro. Nikadhani ametumwa na mama yake na jibu zuri, nikamfutia kigoda. Hakukaa.

“Baba Amissi,” akasema, “usimusalimie mama tena kiwanjani. Kabonga wanatuita wezi. Tunataka kushinda sisi wenyewe.”

Akaeleza kwamba timu itakayoshinda ndiyo itakayobeba bendera mpya mbele ya maandamano siku ya Uhuru. Marehemu baba yake alikuwa akimwambia ataiona siku hiyo. Sasa anataka kuishika bendera kwa mikono yake, lakini si kwa wizi. Niliona aibu, kwa kweli. Ya kweli kabisa, ilidumu mpaka saa sita.

Nimeapa kwamba Jumamosi nitaamua kwa haki tupu. Halafu nimeona pia kwamba binti akifurahi, mama atafurahi, kwa hiyo haki nayo ina faida yake. Nilimuuliza kama mama huwa ananitaja. Akasema ndiyo, jana alisema koti langu ni chafu mgongoni. Kumbe ananitazama hadi mgongoni! Dalili njema sana.

Jumamosi, 30 Juni.

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Fainali, Minago na Rumonge. Nusu ya mji ilikuwa pale. Nimeamua kwa haki, hata Modeste alitikisa kichwa kunikubali. Mwamini alikaa mbele kabisa na sikumpungia, nilifunga mikono nyuma, juu ya madoa. Kokwa sita za mchikichi mfuko wa kulia, kila mpira mmoja kokwa moja inahamia kushoto. Sikukosea hata mara moja.

Ova ya mwisho. Rumonge wanapiga, wanahitaji pointi mbili washinde. Anatupa Sikuzani. Wa kwanza, hakuna. Wa pili, wa tatu, hakuna. Wa nne na wa tano, vumbi tu. Wa sita, Esha wa Rumonge akapiga kwa nguvu zote, akapiga hewa. Sita! Minago wameshinda, kwa haki, kwa mkono wa mtoto mwenyewe. Kilichobaki ni mimi kusema “ova”.

Nilimwangalia yule mtoto jinsi anavyong'aa, na furaha ikanijaa mpaka kooni. Na mimi nikimfurahia mteja, kopo likishajaa, mkono unakwenda wenyewe kumwongezea. Hakuna aliyewahi kuondoka kwenye meza yangu na kopo lililosawazishwa. Mdomo ukafunguka.

“Na nyongeza, mwanangu. Mpira mmoja juu yake.”

Modeste alipiga kelele kutoka upande wa pili. Sikuzani alinitazama. Lakini mwamuzi amesema, na yeye ni mtoto wa adabu, akautupa. Esha safari hii hakupiga hewa. Mpira ulipita juu ya chanja za ndagala ukaangukia ziwani.

Nanji alimwita Modeste na kitabu. Kitabu kinasema hesabu ya mwamuzi ndiyo hesabu, hata akikosea. Modeste alisoma mara tatu, na mara ya tatu machozi yalikuwa yanamtoka. Rumonge wameshinda. Sikuzani alikaa mchangani akalia bila sauti. Nami nililia. Nilitaka kumpa zaidi, nikamnyang'anya vyote.

Jumapili, 1 Julai. Uhuru!

Nimekalia kiti. Watu wa Rumonge walinibeba juu juu mpaka jukwaani, na Nanji alisema mwamuzi aliyeungwa mkono na kitabu hana mpinzani. Ngoma, vigelegele, bendera mpya inapanda. Esha alipoishika ile ya maandamano, alitoka kwenye mstari akaenda kumvuta Sikuzani, wakaushika mti wake pamoja. Sikumwamuru mtu, walifanya wenyewe. Padri alipiga makofi, mimi nilishindwa.

Kisha Mwamini akaja mpaka chini ya jukwaa. Alisema ameniona nimekaa, na kwa kuwa aliahidi tutazungumza, anazungumza. Jibu ni hapana. Mwanamume anayegawa ushindi wa Sikuzani kwa wageni, je, madumu ya mawese ya Mwamini yatapona mkononi mwake? Shehe alikohoa. Viti kumi na kimoja vilinigeukia.

Jumanne, 3 Julai.

Nimelitafakari lile jibu siku mbili. Alisema hapana mara moja tu. Wanawake wanaokataa kweli hurudia. Na alikuja mwenyewe, mbele ya padri na shehe, akanitazama usoni muda mrefu kuliko siku zote.

Jumapili kuna mashindano ya mitumbwi, na kaka yake Mwamini anapigia Minago kafi. Nimekwisha jiandikisha kuwa mwamuzi. Ikiwa shemeji atachelewa kidogo, nitausogeza mstari wa mwisho umfuate. Nani atajua, mstari wenyewe uko majini.