Mshona Midomo wa Ngome ya Kutu

Jumatatu, 4 Machi

Nimeamua. Kufikia Jumapili mimi ndiye Mtunza Hadithi wa kundi letu la mtandaoni la wapenzi wa Ngome ya Kutu, mchezo wa kompyuta. Kiti hicho anacho Profesa, jamaa ambaye hata sauti yake imevaa miwani. Yeye ndiye anayeamua habari ipi ya mchezo ni ya kweli na ipi ni porojo. Zangu zote kazifuta. Jumapili kuna kura.

Leo tumebishana kwa nini watumishi wa ngome hawasemi neno, hata ukiwacharanga kwa shoka. Profesa kasema watengenezaji waliona uvivu kurekodi sauti. Nikaandika kwamba yupo Mshona Midomo, anakaa chumba cha chini kabisa, nimemwona. Akanikumbusha sheria ya kundi: bila picha, hadithi inafutwa. Nikamjibu picha ninayo. Sina.

Jumanne, 5 Machi

Ninajifunza kazi kwa mjomba, fundi cherehani. Chumba cha nyuma tuna sanamu moja la kupimia nguo, halina uso. Mjomba alipotoka kununua vifungo, nikalivika gunia, nikalimwagia rangi nyekundu, nikafunga pazia, nikapiga picha. Kazi ya msanii.

Kundi limecheka mpaka nikalionea huruma sanamu. Mmoja kauliza kama hilo ni zimwi au ni mtu kaangukiwa na tenga la nyanya. Halafu Muuguzi, dada mmoja anayecheza akitoka zamu, kaandika kwamba damu anaiona kazini kila siku na haijawahi kumkosesha usingizi. Kinachomtisha ni kitu safi. Kimetulia. Kimefanywa taratibu, na mtu asiye na haraka yoyote.

Dada ana kichwa. Nimeliiba wazo lake zima zima.

Jumatano, 6 Machi

Gunia nimelifua. Sanamu nimelitengenezea uso wa kitambaa cheupe, mdomo nikaushona kwa uzi mweusi. Mshono umepinda kama mlevi anayetafuta kwao. Kwenye kushona, mimi ni hodari zaidi wa maneno. Kabla sijapiga picha mjomba akafunga duka, funguo mfukoni mwake.

Alhamisi, 7 Machi

Mdomo umenyooka.

Mjomba kafungua duka, mimi nikatangulia chumba cha nyuma. Mishono midogo, imelingana, utadhani ya mashine, lakini ni ya mkono. Mjomba akaja, akainama, akaupitishia kidole. Kauliza nani kashona. Nikasema mimi, mjomba. Akanitazama sana. Kasema kumbe mkono unao, mpwa wangu, ulikuwa unanificha tu. Akanikabidhi funguo za akiba. Tangu nianze kazi hajawahi kunisifu, ningekataaje?

Picha ikaenda. Kisha Muuguzi akaandika kwamba huyu sasa hataki kumwangalia. Profesa akaikuza picha, akasema wa mbele ni mtumishi tu, ameshashonwa. Mshona Midomo ni yule wa nyuma yake, gizani, mwenye sindano. Nikamjibu ndiye huyo, umechelewa kumwona.

Halafu nikaikuza na mimi. Sanamu tunalo moja tu.

Ijumaa, 8 Machi

Mwalimu wa kwaya karudisha shati lake. Tundu la shingo limeshonwa, kichwa hakipiti. Mjomba kavaa miwani, kachukua wembe, hakuona pa kuanzia kufumua. Kaniuliza huu ni utani gani. Nikasema ni mtindo mpya. Mwalimu kasema yeye huimba kwa kutumia shingo.

Nimejitoa uzi mweusi katikati ya meno. Mafundi tunakula nyuzi, ndiyo kazi ilivyo.

Mchana balaa. Profesa ameona kwenye picha yangu mguu wa meza ya kupigia pasi. Ametangaza kwamba Jumapili, kabla ya kura, atatuma sauti kueleza picha ilitoka wapi. Nimekwisha. Nimekwenda kwenye sanamu nikalinong'oneza, kwa mzaha tu, kwamba Profesa anasema sana. Nikacheka peke yangu. Nadhani nilikuwa peke yangu.

Jumapili, 10 Machi

Sauti ya Profesa imekuja kama alivyoahidi. Ndefu. Ndani yake hakuna neno hata moja. Mmm, mmm, mmm, kama mtu anayebembeleza, midomo imefungwa. Muuguzi kamwuliza kama ni mzima. Ikaja nyingine, fupi, ya juu zaidi. Kisha hakuna.

Nikaliandikia kundi kwamba aliyekosa hoja huguna. Wakacheka, wakapiga kura. Nimeshinda! Muuguzi hakupiga. Kasema anapafahamu kwa Profesa, anakwenda kumtazama na mkoba wake wa kazi. Kafika. Kaandika mlango uko wazi na ndani ni pasafi mno. Tangu hapo hajaandika tena. Wivu, hao wawili.

Kazi yangu ya kwanza kama Mtunza Hadithi: nimetangaza kwamba ngomeni yuko na wa pili, yeye anashona macho. Wanataka picha kesho. Nimepita dukani, nikalifunika sanamu kitambaa cheupe, nikaacha mezani sindano yenye uzi tayari, na mlango wa nyuma sikuufunga. Kushona sijashona. Nikigusa mimi, itapinda.