Shuka la Kuziba Matangazo

Jumatatu, 15 Julai 1996. Segese
Kumbe kanda za video zina matangazo! Shemeji yake Mama Imran wa dukani anarekodi filamu za Kihindi kwenye televisheni huko Uingereza, anazituma, Masele anazionyesha kwenye banda lake la video, na katikati ya filamu, bila aibu, bia! Halafu mwanamke anaoga! Na watoto wetu wamekaa mstari wa mbele, Asteria wangu akiwemo.

Nimekwenda mbio kwa Mwalimu Mkuu Mageni. Ameamuru mtoto asiingie kwa Masele mpaka awepo mzazi wa kuziba matangazo. Nilijitolea kabla hajafunga mdomo. Jumamosi wazazi tunachagua mwenyekiti wa kamati ya shule, na wagombea ni wawili, mimi na Masele. Sasa nani atamchagua yeye? Tatizo moja tu. Masele ana sharubu za mwenyekiti hasa. Zangu ni za kuhesabika.

Jumanne, 16 Julai
Nimechukua shuka la Mama Asteria, nimelifunga kamba juu ya televisheni. Tangazo likija, navuta. Limekuja la bia, nimevuta. Safi! La sabuni, nimevuta. Kisha nikavuta mahali ambapo shujaa ndiyo kwanza anamkamata jambazi. Nilidhani ni tangazo la pikipiki. Watoto wamepiga kelele, mmoja amenirushia ganda la muwa. Masele alicheka mpaka akakaa chini. Anasema mlinzi inafaa ajue anacholinda.

Amesema kweli, mshenzi yule. Kuanzia kesho nitatazama kila kanda peke yangu kabla ya watoto.

Jumatano, 17 Julai
Nimetazama matangazo yote, asubuhi hadi saa nane. Mambo ya kutisha! Watu wanadanganywa mchana kweupe! Ila kuna moja la krimu. Mwanamke mwenye nywele hadi kiunoni anajipaka mguuni, anatabasamu, nywele zinapepea. Kiingereza chao cha haraka sikukipata, lakini nywele nimeziona kwa macho yangu. Nimelirudia mara sita, kwa ajili ya usalama wa watoto.

Alhamisi, 18 Julai
Bahati! Mama Imran anayo krimu ileile, ya kwake mwenyewe. Aliuliza naitaka kwa ajili ya nani. Niliona haya, nikasema ni ya Mama Asteria. Akanipa tyubu nzima, akasisitiza apake dakika tano tu, asizidishe. Wafanyabiashara bwana! Hawataki mtu afaidi.

Ijumaa, 19 Julai
Nimepaka saa nzima. Inawasha, maana yake inafanya kazi. Nimefuta kwa kitambaa.

Mungu wangu! Sharubu zimebaki kwenye kitambaa! Zote! Mdomo wa juu ni mwekundu na laini, sijitambui. Mama Asteria aliingia, akanitazama, akatoka nje mbio. Namsikia huko nyuma ya jiko. Hajui kucheka polepole.

Jumamosi, 20 Julai
Mkutano. Nimehutubia jinsi matangazo yanavyodanganya watoto, mkono wa kulia mdomoni kama mtu mwenye jino bovu. Wazazi waliitikia kwa vichwa, Mwalimu Mageni akaandika. Nilikuwa naelekea kushinda! Kisha akatangaza kwamba tutapiga kura kwa kunyoosha mikono, na wa kulia ndio unaohesabiwa.

Nilijipigia kura. Ukumbi mzima ukaona. Mama Imran, mzazi mwenzetu, akashika kifua, akasema, "Haki ya Mungu, Baba Asteria! Ile si dawa ya kuondoa nywele za miguu niliyokupa umpelekee mama?"

Sijawahi kusikia kicheko cha namna ile. Halafu Asteria wangu akasimama dirishani na kunitetea. Akasema baba yake asichekwe, amewafundisha watoto kwamba matangazo ni ya uongo na wote wameelewa, yakija wao hutoka kwenda kukojoa. Hakuna mtoto aliyenunua kitu. Ni baba tu.

Nilitamani ardhi inimeze. Nimepata kura moja tu, yangu. Mama Asteria anasema yeye alimchagua Masele, ila aliumia.

Jumapili, 21 Julai
Nimekubali kosa. Nililitazama lile tangazo bila utulivu. Leo mchana, kabla ya watoto kuingia, nimetazama kanda mpya kwa makini. Bwana mmoja anafungua kopo, anachota kitu cheusi, anasugua kwa nguvu, anasimama, wanawake wote wanageuka. Sharubu zake ni nyeusi tii, zinang'aa!

Nimemsimulia Mama Asteria. Anadai hilo ni tangazo la rangi ya viatu, tena kopo kama hilo liko chini ya kitanda chetu.

Nimechungulia. Kweli lipo, na limebaki nusu. Kesho Masele ataniona.