Dola Kumi za Muhuri wa Njano

Egidius hakuwa mwizi. Mwizi huchukua kitu mwenyewe asipotaka. Egidius alisubiri mwenyewe atoe kwa mkono wake, tena na shukrani juu. Kwa hiyo siku aliyoona noti ya dola kumi iliyowekwa kama alama ya ukurasa kwenye kitabu cha nyimbo cha mzee Hermenegildi, kule Malinyi, hakuiiba. Alimweleza mzee kwamba karatasi za namna hiyo zilishakufa zamani, akampa elfu tano ya sukari. Mzee aliachiwa noti ile na baba yake, aliyepigana vita vya Hitla huko Afrika Kaskazini. Akaipokea elfu tano, akamwombea Egidius safari njema.

Kumbe kwa mara moja Egidius alikuwa amesema kweli. Morogoro, dada wa duka la kubadilishia fedha aliitupia noti jicho moja tu.

"Ya 1934? Kaka, sisi hata za juzi juzi tunazikataa."

Mwingine angeitupa. Egidius akampigia Kheri.

Kheri alikuwa na miwani, suti moja na sauti ya mtu aliyesoma. Jumatatu alipanga chumba kwenye gesti ya Bi. Asmahani, Ifakara. Kesho yake, wakati wa chai, akajitambulisha kuwa daktari wa mambo ya kale, mnunuzi wa dola za zamani.

"Nikipata kumi ya 1934, mama, natoa milioni mbili papo hapo." Akaacha namba ya simu, akaondoka.

Jumatano asubuhi akaingia Egidius, safari hii mkulima wa Chita aliyesombewa mpunga na mafuriko.

"Shikamoo, Bi. Asmahani."

"Marahaba, baba. Unataka chumba?"

"Chumba sikiwezi, mama. Nauza urithi wa babu. Laki nane tu." Akaiweka noti mezani taratibu, kama anayelaza mtoto.

Bi. Asmahani akavaa miwani. Akaigeuza noti, akaiinua dirishani.

"Mbona muhuri wake wa njano? Dola za watu zina muhuri wa kijani."

Swali hilo ndilo lililomnyima Egidius usingizi, maana hata yeye alishaamini noti ni ya bandia. "Ni jua, mama. Babu aliiweka dirishani ikapauka."

"Jua la Chita kali."

"Kali mno."

"Basi na bei ipauke kidogo."

Wakavutana mpaka laki tano. Egidius akazipokea kwa uso wa msiba, na uso ule hakuuvua mpaka basi lilipoacha mji.

Alasiri alikuwa Mang'ula na Kheri, kwa mama ntilie, sahani mbili za wali samaki mbele yao, wakicheka hadi machozi. Simu ya Kheri ikaita.

"Ni yeye," Kheri akanong'ona. "Anataka milioni mbili zake."

"Weka spika tumsikie anavyolia."

Bi. Asmahani hakuwa analia. "Daktari, najua mwenzako yuko hapo. Na asikie. Mwaka juzi mzungu mmoja wa utafiti wa mbu alipanga kwangu masika nzima. Alikuwa na albamu ya noti, kila jioni ananifundisha. Muhuri wa njano waliupiga kwenye noti za askari wa Kimarekani waliokwenda kupigana Afrika Kaskazini, ili adui akiziteka zikataliwe. Kumi za 1934 ni adimu. Nimemtumia picha. Ameanza na dola elfu tatu, na bado sijamkubalia."

Kheri alipiga hesabu kwenye meza kwa kidole. Ilipita milioni saba. Uongo wao wenyewe ulikuwa umeshindwa kufika huko.

"Nina swali moja," Bi. Asmahani akaendelea. "Mwenyewe hasa ni nani?"

Egidius alifungua mdomo aseme babu. Uongo, ambao haukuwahi kumkimbia tangu utotoni, haukuja.

"Mzee Hermenegildi. Malinyi, nyuma ya kanisa."

"Ulimpa ngapi?"

"Elfu tano."

"Haya. Kesho nakwenda mwenyewe kumpelekea fungu lake. Nitamwambia umemsalimu." Akakata.

Kheri alimgeukia mwenzake. "Jua," akasema. "Ukamwambia jua."

Egidius alisukuma sahani yake katikati ya meza, na Kheri, ambaye huzuni haikupata kumzuia kula, akaimaliza mpaka mchuzi.