Somo Langu la Bomba Mbele ya Mkuu wa Chuo

Jumatatu, 9 Machi
Nafundisha vibaya? Mimi? Mkuu wa chuo kanifuata karakana, kasema wanafunzi wangu wa ufundi bomba wanalalamika: naongea mwanzo wa kipindi hadi mwisho, spana hawajaishika. Uongo! Wiki iliyopita niliwaonyesha spana. Kwa mbali. Sasa Alhamisi atakuja kukaa darasani. Asipowaona wakishiriki, darasa anapewa Mwalimu wa Umeme, mimi narudi stoo kugawa misumari. Stoo! Na ukoo mzima unaniita Profesa!

Jumanne, 10 Machi
Nimeongea na mpwa wangu anayesomea ualimu. Sikumwomba ushauri, nilimpima tu. Akasema, Mjomba, uliza swali, halafu funga mdomo, wafikiri wenyewe. Nikamjibu hayo niliyajua kabla mama yake hajaota meno. Mama yake ni dada yangu mkubwa, lakini hoja ilieleweka.

Nikajaribu darasani. Nikawauliza bomba likivuja unaanzia wapi. Nikanyamaza. Lo! Kimya kinawasha kama upupu! Nikajijibu mwenyewe, nikaunganisha na ile siku nilipoziba bomba kuu la mji kwa kisigino, watu wakawa wanaoga kwa amri yangu. Mstari wa nyuma wakakoroma. Mwalimu wa Umeme akachungulia dirishani, akauliza kwa upole kama awaletee wanangu mashuka. Mtu mwenyewe kichwa kama balbu iliyoungua!

Jumatano, 11 Machi
Mpango! Hawashiriki kwa sababu hawajawahi kuona shujaa kazini. Baada ya vipindi nimefunga koki kubwa, nimeingia chini ya sinki la darasani, nimetoa wosha, kile kipete cha mpira kinachozuia maji, kwenye kiungo, nati nimeirudisha kwa vidole tu. Kesho Mkuu akishakaa, nafungua koki. Maji yanaruka, vijana wanapiga kelele (si ndiyo kushiriki huko?), mimi narudisha wosha kabla Mkuu hajapangusa miwani.

Nimefanya mazoezi ya tabasamu kwenye kioo. Mpwa kanikuta, kauliza kama jino linauma.

Alhamisi, 12 Machi
Mama yangu! Hayakuruka, yalishambulia! Mkuu akapanda juu ya kiti. Nikapiga mbizi chini ya sinki, ovaroli ikanasa kwenye kishikio cha bomba, mdomo ukapokea mto mzima. Kila nikitaka kutoa amri, natoa povu.

Nikawasikia vijana. Mmoja anapiga kelele koki ifungwe, mwingine anauliza ipi. Ndipo yule binti wa mstari wa nyuma, ambaye sauti yake naijua kwa kukoroma tu, akashika usukani: “Ile ya nyuma ya mlango, zungusha kulia! Wewe, lete spana! Ticha, sogeza mguu!”

Maji yakakatika. Wakabishana kimekosekana nini. Binti akapapasa kiungo, akasema wosha haipo. Ilikuwa mfukoni mwangu, mkono haufiki! Basi mmoja akavua ndala, wakakata wosha kwenye soli yake, wakaipachika, wakakaza, wakafungua maji. Hata tone! Wakanivuta nje kwa miguu huku wakishangilia kama wamefunga goli.

Mkuu akashuka kitini, macho yamelowa. Akasema hajawahi kuona mwalimu akijizuia namna ile: tatizo la kweli liko mbele ya wanafunzi, na yeye hasemi neno. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Nilikuwa bado natema maji.

Darasa ni langu!

Ijumaa, 13 Machi
Chuo kizima hakina habari nyingine. Mwalimu wa Umeme kanipa mkono kama mtu anayeshika waya. Wanafunzi wamefika kabla yangu, mikono ya mashati imekunjwa tayari kwa kazi, binti anauliza, “Ticha, leo tunatengeneza nini?” Swali zuri mno! Nikaanza kulijibu. Kipindi kikaisha.

Mkuu anataka Jumatatu niwaeleze walimu wote siri ya kunyamaza darasani.

Jumapili, 15 Machi
Hotuba ya kunyamaza imekamilika. Inaanzia utoto wangu. Mpwa kaipima kwa mkono, kauliza, “Mjomba, na hao walimu watauliza maswali saa ngapi?” Masikini, bado mwanafunzi. Nimemwambia halitabaki swali.

Mlinzi nimeshampanga: nikianza tu, afunge mlango kwa nje.