Mkono Umekuja, Mzee Amebaki

Jamani, leo nimeadhirika. Tena mchana kweupe, Sterling, Virginia, nimevaa na tai. Nawaandikia mwenyewe kutoka kompyuta ya maktaba hapa Laurel kabla hamjasikia kwa Dada Imani, maana yeye akisimulia atacheka katikati na mtakosa maelezo.

Kwa wasiomjua, Imani ni Mmarekani Mweusi, anafundisha Kiswahili watu wazima kule Gaithersburg, na Kiswahili chake ni fasaha kuliko changu (mimi ni mtu wa Mombasa, lakini hilo tuliache). Wanafunzi wake wanakwenda Misri mwezi ujao. Mapiramidi, makaburi ya mafarao, halafu kulala jangwani kwenye mahema. Kampuni ya safari ilikuwa inatafuta mtu wa kuwasindikiza: abebe mabegi, ahesabu watu, ahakikishe hakuna aliyesahauliwa kaburini. Imani akanitaja mimi.

Nyinyi mwajua nilivyochoka kuegesha magari ya watu. Na kutoka Cairo mpaka Mombasa si mbali kama kutoka huku. Safari ikiisha ningeunganisha nikamwone mama, ambaye sijamtia machoni tangu nije huku. Nilishampigia simu, na yeye ameshapaka chumba rangi. Kwa hiyo kazi hii niliitaka, wallahi niliitaka.

Imani alinionya mapema. "Kaka Twaha, mwenye kampuni ni mzee wa Kimisri. Anatazama adabu kwanza. Maneno mengi hayapendi."

"Adabu?" nikamwambia. "Dada, mimi nimezaliwa nayo."

Basi leo nikafika ofisini kwao kwa usaili, kabla ya wakati. Miwani nikaiacha garini, maana imefungwa plasta pembeni na sikutaka kuonekana mtu wa dhiki. Mapokezi hapana mtu. Taa hafifu. Kwenye pembe wametandaza mchanga sakafuni, picha kubwa ya piramidi ukutani, na mbele yake, kitini, amekaa mzee. Kanzu. Kilemba. Ndevu nyeupe za heshima. Tasbihi mkononi.

"Assalaam alaykum," nikasema.

Kimya.

Nikadhani anamalizia tasbihi yake. Nikakaa, nikangoja. Nikatoa salamu tena, safari hii na rahmatullahi na wabarakatuh, sikubakisha kitu. Kimya. Hapo nasema kweli, nilipandwa na hasira. Ati salamu ya Mungu humrudishii mtu kwa sababu una kampuni? Kisha nikajiambia: Twaha, tulia, huu ni mtihani. Mzee hapendi maneno mengi, si umeambiwa?

(Basi nikaanza kuongea.)

Nikamwambia wazee nawaheshimu mno. Nikamwambia jangwa nalijua vizuri (jangwa nililowahi kuliona ni la kwenye televisheni). Nikamwambia ngamia hunizoea upesi. Mzee ananitazama tu, hapepesi jicho. Nikasema moyoni, huyu mtu ana subira. Nikaanza hata kumpenda.

Nikaona sasa nimuage kwa adabu ya kwetu. Nikainuka, nikainama, nikaushika mkono wake wa kulia kwa mikono yangu miwili, nikaubusu. Ulikuwa baridi. Nikasema maskini, presha hiyo. Nikauvuta kidogo niuguse kwenye paji la uso.

Mkono ukaja. Mzee akabaki.

Sikupiga kelele mara moja, msinizushie. Kwanza nilisimama nimeushika, nautazama mpaka kwenye kiwiko, na kwenye kiwiko kuna skrubu. Kelele zilifuata baadaye. Nililia "Yaa Latifu!" kwa sauti ya kuamsha jengo zima, na mlango wa ndani ukafunguka. Akatoka mwenye kampuni. Mzee kweli, wa suruali na sweta, na kikombe cha chai mkononi. Nyuma yake Imani. Nyuma ya Imani, darasa zima. Walikuwa na mkutano chumba cha pili, na ukuta wa pale ni ubao mwembamba. Walinisikia tangu salamu ya kwanza. Na habari za ngamia walizisikia pia.

"Kaka Twaha," akasema Imani kwa kile Kiswahili chake kisafi, "kwa nini umeung'oa mkono wa sanamu?"

Bibi mmoja wa darasani, umri wa mama yangu, akaona hapa pana nafasi ya mazoezi. "Shikamoo!" akaniamkia. Nikamjibu marahaba, mkono wa sanamu nimeukumbatia. Akili ilikuwa imenihama.

Mwenye kampuni akaja taratibu, akanipokonya ule mkono kwa upole, akaufuta vumbi kwa sweta. Akaniambia kwa Kiingereza chake cha polepole, "Watu wote hupita hapa bila kumsalimia. Adabu unayo, kijana."

Loo! Nikapata matumaini. Tai nikaiweka sawa.

"Lakini kazi yenyewe," akaendelea, "ni kuwapeleka watu makaburini. Nahitaji mtu anayejua nani mzima na nani maiti."

Darasa zima likacheka. Imani akaegemea ukuta, machozi yanamtoka. Mimi nilicheka pia, lakini imeniuma, siwafichi. Mama bado sijampigia kumwambia siji, na sijui nitaanzia wapi.

Ila kazi nimepata. Jumamosi kampuni ina maonyesho ya safari, na ile sanamu haiwezi kuonekana mbele za watu mpaka fundi aurudishe mkono. Kwa hiyo kwenye kile kiti nitakaa mimi, na kanzu, na kilemba, na ndevu za kubandika. Mkija, nawaomba sana, msinichekeshe. Nimekatazwa kutikisika.