Dang'a kwa Dozi

Jumatatu, 3 Machi
Ng'ombe wa Shangazi kazaa! Jike! Shangazi katangaza mbele ya wote: atakayemlea ndama mpaka achangamke, ndama ni wake. Binamu yangu Kipaza (mdomo wake hauna swichi) akasema mimi hata kuku alinishinda. Kweli, ila yule kuku alikuwa mkorofi.

Nina mpango. Nimesoma kwenye simu: ndama huzaliwa bila kinga hata chembe. Kinga yote iko kwenye dang'a, yale maziwa ya kwanza, mazito, ya njano. Watu humnywesha yote siku hiyohiyo. Ufujaji! Mimi nimekamua yote, nimeficha chupa kwenye friji nyuma ya kabichi. Kijiko kimoja kila asubuhi, mwezi mzima. Sijui kwa nini hakuna aliyewahi kuwaza hili.

Jumanne, 4 Machi
Chupa mbili hazipo! Kipaza kazitia kwenye chai, namjua. Nimemuuliza, kacheka tu. Mwizi mwenye meno mazuri.

Ijumaa, 7 Machi
Balaa. Ndama anaharisha maji ya njano banda zima. Macho yamezama. Hata kidole changu hataki kunyonya.

Daktari wa mifugo kapima choo chake: vijidudu vya utumbo. Kasema dawa ya kuvimaliza hana. Apewe maziwa, maji ya chumvi na sukari, joto, na kinga yake ipigane. Akauliza dang'a alipewaje. Nikaeleza vijiko vyangu kwa madaha. Akavua miwani. Eti utumbo wa ndama hupitisha ile kinga mwilini siku ya kwanza tu, halafu mlango unafungwa. Vijiko vyangu vimegonga mlango uliofungwa.

Shangazi akachukua ufagio, akaanza kusafisha banda mwenyewe. Bora angenitukana.

Jumamosi, 8 Machi
Nimeshinda bandani. Chupa, gunia kavu, chupa tena. Nimemwomba msamaha sikioni. Daktari kasisitiza ninawe kwa sabuni, vijidudu hivi huingia hata kwa watu. Sabuni iko mbali, nina mgonjwa. Nimekula mkate wangu palepale.

Jumatatu, 10 Machi
KASIMAMA! Kanipiga kichwa cha tumbo akitafuta maziwa. Nimelia kidogo. Vumbi.

Daktari kashangaa, kasema huyu lazima alipata dang'a ya kutosha mapema. Kipaza akakohoa. Kumbe zile chupa mbili! Alimnywesha jioni ileile aliyozaliwa, mimi nikiwa ndani napanga ratiba ya vijiko. Eti, ndugu yangu, nilijua utaharibu, sikutaka kukuaibisha. Kipaza, kukaa kimya! Sijapona mshtuko.

Shangazi kaamua: ndama ni wetu wote wawili. Kipaza kachagua nusu ya mbele. Mjinga! Maziwa yatatoka kwangu. (Kasema na kusafisha ni kwangu. Tutajadiliana.)

Jumatano, 12 Machi
Naharisha mimi. Kipaza katangazia mtaa mzima. Ndama anaruka uani, mimi nakimbia upande wa pili. Shangazi ananinywesha chumvi na sukari kwa chupa ya ndama. Eti kaiosha.

Lakini kichwa hakijalala. Nyuma ya kabichi dang'a bado ipo. Kinga tupu! Kijiko kimoja kila asubuhi, mwezi mzima. Nimeanza leo. Harufu imebadilika kidogo, lakini hiyo ni kinga inakomaa. Tayari nasikia nguvu.